Kabla ya Mvua ya Saa Nane

Kimulot,
18 Mei 2024

Kwa Mjomba Zacheus,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Mama anakusalimia kaka yake. Goti lake limepoa tangu aanze kulikanda kwa maji ya chumvi, na sasa anapanda kanisani bila fimbo. Baba anakusalimu kwa "chamgei" yake na anauliza mahindi ya Kipkelion yamefika wapi. Dada yangu Cate amejifungua msichana, mweupe kama watu wa upande wenu, na tayari wanagombania jina. Mimi ni mzima. Nimepewa likizo kwenye shamba la chai, kwa hiyo nina wakati.

Nimekupigia simu tangu Pasaka na haiingii. Nikimpigia Anti Bochaberi anasema umeenda shambani. Saa mbili asubuhi, shambani. Saa saba mchana, shambani. Basi nimeamua kuandika. Onyancha, anayebeba viazi na pickup, ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Mjomba, narekodi. Nyimbo nane, zangu zote, na kwa jina langu. Unajua vile nimezunguka. Miaka kumi na miwili nimetungia kwaya na bendi za harusi, na ukiuliza wimbo ni wa nani unaambiwa ni wa yule aliyeshika maiki. Mwaka huu nimefika miaka thelathini na nne, nikasema hapana.

Studio yetu ni stoo ya viazi. Tumegonga trei za mayai ukutani, juu yake tukaning'iniza blanketi zote za nyumba hii, mpaka Baba analala na koti. Maiki ni moja, tumeazima, na tumeifunga kwenye mpini wa jembe. Mbele yake kuna soksi ndefu ya Mama iliyovutwa kwenye waya, ili pumzi isipige kelele. Kompyuta ni ya Morris, fundi wa simu hapa senta. Phanice, tuliyechuma naye chai, anaimba alto. Gitaa napiga mwenyewe.

Kinachokosekana ni besi, na besi ni wewe. Ulipokuwa unafundisha kwaya uliniambia, nikiwa darasa la sita, kwamba siku nitakayoimba wimbo wangu utasimama nyuma yangu. Siku imefika. Njoo Julai. Morris anahamia Mulot mwisho wa Agosti kufungua duka na ndugu yake, na kompyuta inaenda naye.

Msichana wako,
Tabby Chelimo


Kipkelion,
11 Juni 2024

Kwa mwanangu Tabby,

Barua yako imenifikia ikiwa na matope ya Onyancha na harufu ya viazi, nikaisoma mara mbili nikiwa nimesimama. Tunamshukuru Mungu kwa mtoto wa Cate. Mwambieni asimpe jina la mtu aliye hai anayependa kugombana. Huku tuko salama. Anti yako amepanda sukuma wiki mpaka mlangoni. Mahindi yamenifika kiunoni. Ng'ombe wetu wa madoadoa anakaribia kuzaa na hataki kushikwa na mtu mwingine ila mimi.

Simu yangu iliangukia kwenye debe la maziwa. Ndiyo sababu.

Kuhusu kurekodi: umefanya vizuri. Sikiliza sasa ushauri wa mtu aliyeongoza kwaya miaka ishirini na sita. Usianze wimbo juu kwa sababu una furaha. Furaha ikiisha katikati utabaki unapiga kelele. Blanketi ni nzuri, lakini weka nyingine mlangoni, maana sauti hutoka kwa mlango kama moshi. Imbeni asubuhi. Mvua ya upande wenu najua huja saa nane kama mfanyakazi wa serikali, na mabati hayana adabu. Na yule Phanice, mwambie alto si soprano iliyochoka, aisimamie.

Kuja Julai itakuwa vigumu, kwa sababu ya ng'ombe.

Halafu ningependa kujua, ni likizo ya namna gani iliyoanza Mei na itafika Julai?

Mjomba wako,
Zacheus


Kimulot,
24 Juni 2024

Kwa Mjomba Zacheus,

Hapa sote tuko wazima, isipokuwa bata mzinga wa jirani, ambaye namwombea mabaya. Ameingia kwenye nyimbo tatu. Tulikuwa tumemaliza wimbo wa pili, mzuri kabisa, machozi yananilenga, halafu Morris akatuchezea tusikie, na pale ninaposema "nisamehe" bata anajibu.

Tunarekodi Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi. Saa nne lori la majani linapita, tunasimama. Saa sita mbwa wa shule wanakuja kutafuta makombo, tunasimama. Saa nane mvua inafunga kazi. Siku nyingine tunapata ubeti mmoja tu, lakini ubeti huo, Mjomba, ukiusikia! Sijawahi kuisikia sauti yangu ikiwa imetulia hivyo. Nilifikiri mimi ni mtu wa kutungia wengine kwa sababu sauti yangu ni nyembamba. Kumbe haikuwa nyembamba, ilikuwa inafunikwa.

Nyimbo sita ziko tayari bila besi. Zinasikika kama nyumba isiyo na sakafu.

Mwambie Anti amshike huyo ng'ombe. Onyancha anaweza kukuchukua Alhamisi yoyote na kukurudisha Jumapili. Na kama si ng'ombe, niambie. Kama unaona aibu kusimama kwenye stoo ya viazi, wewe uliyeimba mbele ya maaskofu, niambie pia. Nitaumia, lakini nitajua.

Tabby


Kipkelion,
19 Julai 2024

Kwa Tabby,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Huku kuna baridi. Ng'ombe alizaa dume.

Nimechelewa kujibu, unisamehe. Tafuteni mtu mwingine wa besi. Wako wengi. Usiniulize tena jambo hili, nakuomba kama mzazi wako.

Stoo ya viazi hainitii aibu. Nisingependa ulale na wazo hilo.

Anti yako amesikia sokoni kwamba mashine za kuchuma chai zimeingia mashamba makubwa ya huko, na mashine moja inafanya kazi ya watu wengi. Nilikupeleka mwenyewe kwa nyapara mwaka ule, nikakuombea ile kazi. Sijasikia kwako neno lolote.

Zacheus


Kimulot,
27 Julai 2024

Kwa Mjomba Zacheus,

Mama na Baba wanakusalimia. Mtoto wa Cate ameitwa Nyambeki, jina la nyanyake wa upande wa baba, na ugomvi umeisha.

Ni kweli. Sina likizo. Januari tuliitwa uwanjani asubuhi, tukaambiwa tunashukuriwa kwa kazi nzuri, na ile mashine ilikuwa imesimama pale pale nyuma ya msemaji ikingoja amalize. Phanice alicheka kwa sauti. Mimi nilikuwa nafikiria tu nitakwambia nini, wewe uliyevaa suti kwenda kuniombea. Kwa hiyo sikukwambia. Siku hizi nachuma kwenye mashamba ya majirani na kumsaidia Baba kwenye yake. Tunakula. Siku ambazo hakuna majani, ndizo nimezifanya za kurekodi. Kama ningekuwa bado nina ile kazi, Mjomba, huu wimbo wa saba usingekuwepo (maneno yake yote, na ya ule wa nane, yamo kwenye bahasha):

*Vidole vyangu vilijua jani*
*kabla ya jicho kulitazama;*
*mashine ina haraka nyingi,*
*lakini haijui jina la mama.*

Haya, mimi nimesema langu. Nimelisema lote na sijafa.

Sasa wewe. Anti nilimpigia jana, nikamwambia, "Anti, ng'ombe ameshazaa, sasa Mjomba yuko shambani anafanya nini?" Akaniuliza kama nimekula. Halafu akasema, "Mwandikie tu, Tabby. Usichoke kumwandikia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia kulia. Mama ameanza kuuliza kama amekukosea. Tangu Krismasi hujatia mguu hapa.

Kuna nini?

Tabby


Kipkelion,
6 Agosti 2024

Mwanangu Tabby,

Kabla ya yote: kupoteza kazi si kosa, na mimi si mtu wa kukasirikia mashine. Ningekuwa na wewe uwanjani siku ile ningecheka na huyo Phanice. Salimia Mama yako, umwambie hajanikosea hata siku moja tangu alipovunja kibuyu cha baba yetu.

Sasa nitaandika haraka kabla sijabadilisha nia.

Mwaka jana koo lilianza kukwaruza. Nikadhani ni vumbi la mahindi. Machi nilipasuliwa. Kulikuwa na uvimbe kwenye kisanduku cha sauti, wakautoa, na daktari amenihakikishia kwamba ugonjwa umeondoka wote. Nimerudi kupimwa mara mbili na ni safi. Kwa hiyo usilie, sifi. Ila uvimbe ulipotoka ulitoka na sauti. Nilichobaki nacho ni mnong'ono. Hebu chukua majani makavu ya mahindi uyasugue pamoja. Ndiyo sauti ya mjomba wako.

Simu haikuanguka kwenye maziwa. Nimeizima na kuiweka kabatini. Anti yako, ambaye hajawahi kusema uongo maishani, nimemfanya aseme uongo kila wiki, na ameniambia siku ya hukumu nitasimama upande wangu peke yangu.

Kanisani siendi. Nilienda mara moja. Kwaya ikasimama, wakaanza wimbo niliowafundisha mimi, na nikafungua mdomo kwa mazoea tu. Mama mmoja mbele yangu aligeuka akidhani kuna mtu anavuta pumzi vibaya. Nilitoka nje nikasimama karibu na matangi ya maji mpaka ibada ikaisha. Sokoni nilipouliza bei, watu waliniinamia kama nina siri ya kuuza. Kwa hiyo nimekuwa shambani kweli. Mahindi hayakuulizi kitu.

Nilikuahidi nitasimama nyuma yako na kuimba. Sikuweza kuandika kwamba siwezi. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa sababu.

Katika bahasha hii kuna kurasa sita za daftari. Nimekuandikia besi ya nyimbo zako kwa do-re-mi. Zile mbili ambazo sijawahi kuzisikia nimezikisia kutokana na maneno uliyonitumia na ninavyoijua akili yako. Mtafute mwanamume mwenye kifua na masikio. Kifua peke yake hakitoshi.

Mjomba wako,
Zacheus


Kimulot,
13 Agosti 2024

Mjomba wangu,

Mama ameisoma barua yako, akaikunja, akaenda kukata nyasi ya ng'ombe, na akakata ya siku tatu. Aliporudi alisema, "Mwambie kaka yangu kwamba mimi nilimpenda kabla hajajua kuimba." Nimeandika kama alivyosema.

Mimi nililia, kwa hiyo umekosea hapo.

Kurasa zako tumezisoma. Besi tumempa Kipyegon, karani anayepima majani kituoni. Kifua anacho, akisema "kilo kumi" vikombe vinatetemeka. Masikio pia anayo. Lakini hajui kuingia. Anaingia mapema kama mtu anayekimbilia gari, au anachelewa, na nikimwashiria kwa kichwa nakosea gitaa. Tumejaribu mara kumi na nne. Jana alitaka kuacha.

Wewe umeandika barua nzima kuhusu koo. Mimi nakumbuka ile kwaya yako. Watu arobaini, na hakuna aliyekuwa akikusikiliza. Tulikuwa tunatazama mikono yako. Kidole chako kidogo kikipinda tulikuwa tunajua tumeharibu.

Onyancha atapita kwako Alhamisi tarehe 22, saa tatu. Sikuombi uimbe. Nakuomba mikono. Morris anaondoka tarehe 31 na nyimbo zote nane zinangoja.

Usipokuja nitaelewa. Lakini Onyancha nimemwambia asizime injini, apige honi mpaka majirani watoke.

Tabby


Kipkelion,
1 Septemba 2024

Mwanangu Tabby,

Nimefika salama. Anti yako anashukuru kwa majani ya chai na anasema nimerudi nikiwa mtu mwingine, ingawa hajasema kama huyo ni bora. Leo nimeenda kanisani na nikakaa hadi mwisho.

Wewe huimbi bila kufumba macho, tabia niliyojaribu kuikomesha ukiwa mtoto nikashindwa. Kwa hiyo acha nikuambie yale uliyokosa kuona siku ile ya Jumamosi, tulipofika wimbo wa nane.

Ilikuwa saa saba na nusu. Niliona Morris akitazama juu, nami nikatazama, na wingu kutoka msitu wa Mau lilikuwa limeshafika, jeusi, nusu saa kabla ya zamu yake. Nilijua tukisimama hatutapata nafasi nyingine, maana vitu vya Morris vilikuwa vimeshafungwa kamba. Phanice alikuwa nyuma ya blanketi na hakuweza kuona mikono yangu. Morris akasema, "Mwalimu, mhesabie." Nikatikisa kichwa. Akasema tena, "Mwalimu, tafadhali." Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Na hakuna aliyegeuka. Mliingia tu, kama ng'ombe wanaolijua zizi.

Kwenye ubeti wa pili nikaona kupitia dirisha miguu ya baba yako. Ilikuwa kwenye ngazi. Yule mzee ambaye miaka yote amekuuliza nyimbo zitakulisha nini, alikuwa ameivuta nyasi yote ya ng'ombe, ya siku tatu nyingine aliyoikata Mama yako wiki ile, na alikuwa akiitandaza juu ya mabati, mafungu kwa mafungu, taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala. Juu ya nyasi akaweka magunia. Matone yalianza na hatukuyasikia. Mvua ilimpiga mgongoni wakati wote wa ubeti wa tatu na hakushuka. Ng'ombe alikuwa akimtazama. Mama yako alisimama mlangoni na lile goti lake na hakuketi. Kipyegon aliningoja, macho kwenye kidole changu, jasho linamtoka, nilipomwita aliingia, na kwa mara ya kwanza ile besi niliyoiandika kwenye daftari nikaisikia ikiwa na mwili.

Nimeongoza kwaya kubwa, Tabby. Nimepata vikombe. Sijawahi kuongoza kitu kama kile.

Jambo moja. Mwambie Morris aikate ile "moja, mbili, tatu". Haifai kubaki.

Mjomba wako,
Zacheus


Kimulot,
14 Oktoba 2024

Kwa Mjomba,

Sote wazima. Baba alipata mafua ya wiki mbili baada ya ile siku na alikataa katakata kusema ameyapata wapi. Mtoto Nyambeki ameanza kucheka.

Haikatwi. Nimeisikiliza Morris alipoituma kutoka Mulot imeshasafishwa, na nimemwambia aiache. Watu wajue nani alituanzisha.

Imekamilika, Mjomba. Nyimbo nane. Inaitwa *Kabla ya Mvua*. Nyuma ya jalada la CD nimeandika majina ya wote: Phanice, Kipyegon, Morris, na chini kabisa, "Besi imetungwa na nyimbo zimeongozwa na Zacheus wa Kipkelion." Jina langu liko juu. Nililitazama muda mrefu. Ni jina fupi sana kwa kitu nilichokingoja muda mrefu hivyo.

Jumamosi iliyopita Kipyegon aliicheza kituoni wakati wa kupima majani. Nilijificha nyuma ya ukuta. Ule wimbo wa saba ulipoanza, wale kina mama wenye vikapu mgongoni wakaacha kupanga foleni. Hawakupiga makofi. Mmoja akainua mikono yake akaitazama, mbele na nyuma. Halafu akasema, "Rudisha, Kipyegon." Akarudisha. Lori likapiga honi na likangoja.

Kuna mwenye bendi ya harusi amekuja mpaka nyumbani. Anataka nyimbo tatu aziimbe yeye, kwenye studio ya mjini yenye kila kitu, na alikuwa na heshima. Baba ndiye aliyemjibu kabla sijafungua mdomo. Alimwambia, "Hizo zimeshaimbwa."

Redio moja ya huku imeomba nakala, na Onyancha amebeba nyingine za kuuza njiani. Yako iko ndani ya bahasha hii.

Tabby


Kipkelion,
10 Novemba 2024

Mwanangu Tabby,

Salamu nyingi kwa wote, na pole kwa baba yako, umwambie sitasema kwa mtu. Mahindi tumevuna. Anti yako anaupiga ule wimbo wa tatu akipika, akifua, akinikasirikia. Watu wa kwaya walikuja nyumbani wiki iliyopita kuniomba nirudi kuwafundisha. Niliwaambia nitafundisha kwa mikono, na anayetaka maelezo asogee karibu. Tumeanza Jumatano.

Lakini nakuandikia kuhusu Ijumaa.

Nilikwenda sokoni kununua kamba. Obure, anayetengeneza redio karibu na reli, alikuwa amepata nakala isiyo na jalada kwa Onyancha, na alikuwa ameweka spika mbili nje ya kibanda. Nilisikia kutoka mbali. Kwanza nikasikia gitaa, halafu wewe. Mwanangu, soko zima lilikuwa linaendelea na kazi yake, watu wanauza vitunguu, wanabishana, na sauti yako ilikuwa inapita katikati yao bila kumsukuma mtu. Nikasimama. Wengine walisimama pia. Muuza nguo mmoja alikuwa ameshika shati hewani na amesahau kulishusha.

Mama mmoja akamuuliza Obure, "Huyu ni nani anaimba?"

Obure akasema, "Sijui. Ni mtu wa huko Kimulot."

Tabby, nimekaa miezi minane nikilikwepa soko hilo. Nilijua nikifungua mdomo watageuka wote. Nikasema, "Ni mtoto wa dada yangu."

Yule mama akasema, "Ati?"

Obure akapunguza sauti ya redio ili anisikie. Soko likawa kimya upande wetu, watu kumi, kumi na tano, wakaniinamia wote kwa pamoja, na safari hii sikuona ubaya wowote katika kuinamiwa. Nikasema tena, polepole, kwa hiki nilicho nacho: "Anaitwa Tabby Chelimo. Ametunga mwenyewe, ameimba mwenyewe. Ni mtoto wa dada yangu Muthoni."

"Oo," wakasema. Obure akaongeza sauti, na watu wakarudi kwa vitunguu vyao.

Nikasema mara ya tatu, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza.

Mjomba wako,
Zacheus